Pua Ilipoziba Kharkiv

Kosa lilianzia bafuni. Nilikuwa Kharkiv, Ukraine, nasomea udaktari, na kila nikikoga naimba sauti ya nne utadhani niko kwaya ya kigango kwetu Tanga. Asubuhi moja, baridi ya 2018, jirani akagonga mlango. Nikajua amekuja kunitukana. Kumbe kwaya yao ya wanafunzi imeishiwa besi.

Nikamwambia Kiukraine changu kinaishia kwenye kununua mkate. Akacheka. "Hakuna maneno. Ni vokalizi."

Vokalizi ni kuimba irabu tupu, aghalabu "a". Waimbaji hunolewa koo kwayo kabla ya kukabidhiwa maneno, na wapo watunzi walioona irabu inajitosheleza: Glière, mzaliwa wa Kyiv, mwaka 1943 aliandika konseto nzima ya soprano na okestra isiyo na neno hata moja. Nikasema hapa ndipo kwangu. Mswahili na irabu zake tano, nani wa kumtisha? Siku ya kwanza tu nikatishika. Wenzetu wanazo sita. Ile ya sita, и, imejificha kati ya "i" na "e", na kila nikiitafuta mwalimu wa kwaya anafumba macho kama anayechomwa sindano.

Tamasha lilipokaribia akanipa kazi isiyoharibika: kuvuma mdomo umefungwa. *Zakrytym rotom*, wanaita. Wengine wanapaza wimbo juu, wengine chini wanavuma kama nyuki mzingani, na ukisikia kwaya ya kule ikifanya hivyo nywele zinakusimama. "Midomo ikutane, meno yaachane, hewa itokee puani," alinielekeza. Midomo ikanitekenya. Nikajiona fundi.

Hewa itokee puani. Sikulitilia maanani hilo mpaka siku yenyewe: nje digrii 15 chini ya sifuri, ndani mimi na shati langu la kudariziwa na mafua ya kufa mtu. Tundu zote mbili zimeziba kama zimepigwa saruji. (Na anatomia ya pua nilishaifanyia mtihani, nikafaulu!)

Mwalimu akainua mkono. Wenzangu: mmmm. Mimi: kimya. Hewa ikapanda, ikakuta mlango umekomelewa, ikarudi mashavuni. Mashavu yakajaa. Kukohoa siwezi, kufungua mdomo marufuku. Wimbo ukazidi kushuka, ukawa mwembamba kama uzi, ukumbi mzima umeshika pumzi, na mimi yangu imenishika. Macho yakanitoka. Ndipo midomo iliposalimu amri:

"MMMAMAAA!"

Kwetu mtu akizidiwa haiti mwingine.

Mkono wa mwalimu ukabaki hewani. Nikangoja watu wacheke. Badala yake, safu ya mbele, bibi mmoja mwenye mtandio wa maua akatoa leso akafuta machozi. Kwa Kiukraine, mama ni mama vilevile. Makofi yakaanza kwake yakaenea hadi nyuma.

Kumbe ni bibi wa jirani yangu. Kesho yake kijana akaniletea mtungi wa jamu ya rasiberi, ya kutia kwenye chai, pamoja na salamu: bibi hakulala, anamfikiria mtoto aliyemlilia mama yake katikati ya theluji.

Jamu nikaila, ikanizibua pua. Kiukraine cha kumweleza kuwa zile zilikuwa kamasi nilikipata mwaka wa tatu, na kufikia hapo alikuwa ameshaleta mitungi saba.