Juni ndiyo mwezi wa kwanza

Kila ikifika Januari, vijana ninaoendesha nao baiskeli hapa Dar es Salaam huniuliza: "Kaka, mwaka huu tunaanza lini?" Wakati wananiuliza, jibu lao tayari wameliandika kwenye simu: Machi kilomita 200, Aprili 300, Mei 400, Juni 600. Mimi huwaambia tunaanza Juni. Hununa. Wanaona nawapotezea nusu mwaka. Nimeamua kulieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu naamini kabisa kwamba ratiba ile, pamoja na uzuri wake kule ilikotoka, hapa kwetu itakuja kumuumiza mtu.

Ngazi ya 200, 300, 400 na 600 ni ya waendesha baiskeli wa masafa marefu wanaofuata kanuni za Audax Club Parisien, klabu iliyozaliwa Paris mwaka 1904. Kilomita 200 unapewa saa 13 na nusu, 300 saa 20, 400 saa 27, na 600 saa 40. Hakuna mshindi wala zawadi. Unabeba kadi, inagongwa mhuri kwenye vituo, unafika ndani ya muda, basi. Ukizimaliza zote nne ndani ya msimu mmoja unaitwa Super Randonneur. Na kileleni kuna Paris-Brest-Paris, kilomita 1,200 kwa saa 90, iliyofanyika mara ya kwanza mwaka 1891 na siku hizi huja kila baada ya miaka minne. Iliyopita ilikuwa 2023, inayofuata ni 2027. Naupenda sana utaratibu huu. Unampa nafasi mtu mwenye kazi na familia, ambaye miguu yake si ya mbio lakini ina subira.

Ila tazama kwa nini Wafaransa huanza mapema vile. Machi kwao baridi inaachia na mchana unaanza kurefuka. Ikifika Juni, Paris inapata mwanga wa saa 16 kwa siku. Kwa hiyo kilomita 600 zimewekwa pale usiku unapokuwa mfupi kuliko wakati wowote wa mwaka. Hiyo ni akili ya watu wanaoijua mbingu yao. Sisi tukiichukua ratiba yao kama ilivyo, tunachukua tarehe na kuacha akili. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa moja kasoro mwaka mzima. Hakuna mchana wa kuusubiri urefuke. Tulicho nacho ni masika, na masika huangukia Machi, Aprili na Mei, palepale walipopanga 300 na 400.

Nilishafanya kosa hilo. Miaka kadhaa iliyopita niliingia barabara ya Bagamoyo kwenda Msata mwezi wa Aprili, na kilomita 300 kichwani. Mvua ilinikuta nimeshaipita Makofia. Haikuwa ile ya kunyesha ikapita, ilikaa. Mchanga mwekundu uliingia kwenye breki, nikawa nasikia mlio wa kusaga kila nikibana, na nilipofika Kiwangwa raba za breki ya nyuma zilikuwa zimelika hadi chuma. Nilisimama kwenye kibanda cha mananasi, natetemeka, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Mama muuzaji aliniwekea khanga mabegani bila kuniuliza. Nikapanda gari la mizigo kurudi mjini, nikaumwa wiki nzima. Siku ile kilomita hazikuwa na tatizo lolote, mwezi ndio uliokuwa na tatizo.

Babu yangu alikuwa baharia wa majahazi. Ukimuuliza safari ya Lamu ni siku ngapi, hakujibu. Aliuliza kwanza, "Upepo gani?" Watu wa pwani walipanga mwaka wao kwa kusi na kaskazi, na katikati yake maleleji, pepo zinapogeuka na nahodha mwenye busara anakaa bandarini anashona tanga. Sioni kwa nini mwenye baiskeli awe tofauti. Desemba hadi Februari ni kaskazi na joto kali lenye unyevu, jasho halikauki mwilini. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi, na wengi wetu tunafunga. Halafu masika. Oktoba hadi Desemba kuna vuli. Kinachobaki safi ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba: anga kavu, asubuhi zenye ubaridi, na kusi inavuma kutoka kusini mashariki kila siku. Miezi minne, safari nne. Msimu wenyewe umejipanga, sisi ni kuufuata tu.

Basi mimi hupanga hivi. Juni ni kilomita 200 kwa barabara ya Kilwa. Tunatoka Mbagala Rangi Tatu saa 10 alfajiri, upepo umelala bado, tunakwenda kusini. Tunapita Mkuranga na mikorosho yake, Kimanzichana, na odomita ikisoma 100 tunageuza. Kufikia hapo kusi imeshaamka, na sasa iko mgongoni. Asubuhi unalipa, mchana unalipwa. Anayepanga kinyume chake, aende kaskazini asubuhi akiruka kama swala, atakutana na kusi usoni saa 8 mchana akiwa na kilomita 80 za kurudi na chupa tupu. Nimewaona watu wazima wakilia.

Julai ni 300, na hii nimeigeuza kuwa darasa la usiku. Tunaondoka alasiri kwenda Bagamoyo na Msata, kusi inatusukuma, giza linatukuta kwenye barabara ile yenye magari machache, na tunarudi usiku upepo ukiwa umetulia. Naichagua Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu. Mwangaza wa mbalamwezi kwenye lami si jambo dogo, unaona shimo kabla taa yako haijalifikia. Msata na kurudi hakutoshi kutimiza 300, kwa hiyo tunarudia kipande kimoja cha njia ileile. Wapo wanaochukia kurudia. Wanataka tuendelee mbele kwenye barabara kuu ya Arusha ili njia iwe nzuri kwenye ramani. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Saa 5 usiku barabara ile ni ya malori. Na barabara ya Morogoro gizani sitampeleka mtu hata kwa kilomita kumi.

Agosti ni 400, kusini tena, hadi ng'ambo ya Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji. Daraja lile lilifunguliwa 2003 na lina urefu wa karibu kilomita nzima. Ukilivuka alasiri na mto uko chini yako, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, unasahau mapaja. Unarudi na kusi hadi Kibiti, unakula wali wa moto, unalala kwa muda wa saa tatu, unamalizia usiku. Suala la kulala nalisisitiza sana. Saa 27 watu huziona chache, wakasema hakuna muda wa kulala. Upo, ukiutafuta kwenye vituo badala ya kwenye miguu.

Hapa ndipo ninapobishana zaidi na vijana. Ukigawa kilomita kwa saa za kanuni, zote nne zinatoka karibu kilomita 15 kwa saa, kila kitu kikiwemo: kula, kuswali, kuziba pancha, kupiga picha. Nani asiyeweza kilomita 15 kwa saa? Mwenye mkaa anaweza. Kwa hiyo anayeshindwa mara nyingi amekaa mno. Soda dakika 25, chipsi zinakaangwa upya dakika 40, kisha mmoja anatafuta chaji. Vituo sita vya namna hiyo vimekula usingizi wako wote. Mimi nikifika mahali nauliza kilichokwisha kuiva. Mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, chapati na maharage, ndizi mbivu, uji kama ni asubuhi. Pakiti za ORS za duka la dawa nabeba nne, kwa sababu maji matupu siku nzima juani yanakuacha na kichwa kizito na kichefuchefu. Jeli za kisasa za kuongeza nguvu sizikatai, lakini kwenye kilomita ya 250 tumbo linataka chakula linachokijua.

Nimemtaja mwenye mkaa makusudi. Walionifundisha barabara ya Kilwa ni wale wanaoingia mjini alfajiri na magunia ya mkaa kwenye baiskeli za chuma zisizo na gia. Mwaka mmoja, kabla ya kufika Mkuranga, tairi langu la nyuma lilipasuka ubavuni. Tyubu lilikuwa limejitokeza kama tezi. Nilikuwa na viraka na solusheni, lakini kiraka hakishiki ubavu. Mzee mmoja akasimama, akaegemeza baiskeli yake kwenye mti wa kutegemezea aliokuwa ameuchomeka nyuma, magunia matatu juu yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umepasua?"

Hakusubiri jibu. Kwenye kifurushi chake alikuwa na kipande cha tairi kuukuu, kimekatwa kwa kisu hadi kingo zikawa nyembamba kama ganda la ndizi. Akakilaza ndani ya tairi langu, upande wa kitambaa ukiangalia tyubu, akajaza upepo kidogo, akazungusha gurudumu polepole akiangalia, kisha akajaza hadi mwisho. Mikono myeusi ya mkaa, haina haraka. Kipande kile kilinifikisha Kibiti na kunirudisha nyumbani, na tangu siku ile nabeba changu.

Wakati ananifungia gurudumu aliniambia neno ninalowaambia wote ninaosafiri nao. Usisikilize gari moja, sikiliza mawili. Linalokuja nyuma na linalokuja mbele. Ukipiga hesabu ukaona yatakutana pale ulipo wewe, shuka pembeni mapema, usingoje honi. Kizibao cha rifleksa ni lazima, taa mbili nyuma ni lazima, lakini hakuna taa inayoweza kumpa dereva nafasi ambayo haipo. Mara moja basi limenisukuma majanini hivihivi, dereva akanyoosha mkono kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Nilikuwa na haki yangu yote, na goti likavuja damu vilevile.

Septemba ni 600, na hii ndiyo inayonifanya niupende mwaka mzima. Tunaelekea Moshi na kupitiliza kidogo, njia moja bila kurudi, kusi nyuma yetu kuanzia pwani hadi tambarare za Same. Tunatoka saa 10 alfajiri, kwa hiyo mwisho wetu ni saa 2 usiku wa siku ya pili. Lengo ni kulala Korogwe, kiasi cha kilomita 300, tukifika kabla ya saa 4 usiku na kuamka saa 9. Kutoka Korogwe alfajiri, mashamba ya mkonge yamenyooka mistari pande zote mbili, na kulipopambazuka mwaka jana Usambara ilikuwa imesimama kulia kwetu kama ukuta uliopigwa rangi ya samawati. Hakuna aliyesema kitu kwa nusu saa nzima. Baada ya Mombo miti inapungua, joto linapanda, na hapo ORS zinapata kazi. Tukimaliza, baiskeli zinaingia kwenye buti la basi kama mzigo, nasi tunalala viti vya nyuma hadi Dar.

Masika sitayapoteza bure, kama wanavyodhani. Machi hadi Mei ni kazi ya asubuhi fupi fupi mvua inapopisha, kubadilisha mnyororo, kumpelekea fundi beringi za magurudumu, na kupiga simu kwenye gesti za Kibiti na Korogwe. Hizo simu ni muhimu. Nilishawahi kufika gesti moja usiku wa manane, waliniahidi wangefungua, nikagonga geti hadi nikachoka nikalala barazani na mbu. Sasa natuma nusu ya malipo mapema na kuomba namba ya mlinzi mwenyewe.

Kwa wale wanaoitamani Paris mwaka 2027: mtahitaji mfululizo wa safari rasmi zenye mhuri, na huo mtaupata kwa waandaaji wanaotambuliwa, kwa ratiba zao. Sawa, nendeni. Miguu mtakayokwenda nayo itengenezeni hapa, kwa majira ya hapa. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, mara ya kwanza yakifanyika Afrika, na vilima vilikuwa vilevile vya Kigali. Dunia nzima ilikuja ikapanda vilima vya wenyeji.

Jumamosi ya kwanza ya Juni, Mbagala Rangi Tatu, saa 10 alfajiri. Njooni na taa zilizochajiwa na kipande cha tairi kuukuu kila mmoja. Kitu kimoja bado sijakiamua, kama Septemba tulale Korogwe au tujikaze hadi Mombo. Mwenye hoja aje nayo siku hiyo, tutaijadili tukifika Mkuranga, kwenye uji.