Mtetemo wa Kilomita Tisini

Nilipoiinua pikapu yangu inchi 4 na kuivalisha tairi za inchi 33, nilitarajia heshima ya mtaa mzima. Nilichopata ni mtetemo unaoanza mshale wa spidi ukifika 90, unaonoga kwenye 100, na unaomfanya abiria azungumze kama mgonjwa wa malaria. Mjini Dar es Salaam siuhisi, kwa sababu foleni ya Ubungo haijaniruhusu kufika hata 40. Lakini nikishaipita Kibaha kuelekea Chalinze, funguo, chupa ya maji na meno yangu huanza ngoma yao.

Fundi wa tairi alisema ni tairi. Fundi wa usukani alisema ni usukani. Fundi wa injini, ambaye nilikwenda kumsalimia tu, alikuwa ameshafungua boneti kabla sijamaliza salamu. Naamini ningempitia fundi cherehani, angeona kasoro kwenye vitambaa vya viti.

Sitamnyima fundi wa tairi haki yake. Alipoyafungua magurudumu ya mbele, alikuta ndani ya rimu moja tope lililokauka, pana kama chapati na gumu kama tofali, ambalo nililibeba tangu siku niliyowaonyesha shemeji zangu kwamba gari hili halikwami. Alilibandua, akabalansi magurudumu yote manne, na usukani ukatulia kabisa. Kiti, hata hivyo, kiliendelea kutetemeka.

Jumamosi hiyo nilikuwa nampeleka mama mkwe Morogoro. Alikuwa amekaa nyuma kimya, mkoba mapajani, hadi tulipoipita Mlandizi.

“Baba Neema,” alisema, “hili gari halitikisiki, linavuma kama mashine ya kusaga. Na linaanzia kiunoni, siyo miguuni.”

Nilicheka kwa adabu. Usiku nilipiga hesabu, nikaacha kucheka. Tairi ya inchi 33 ina mzingo wa takriban mita 2.6, hivyo kwenye kilomita 100 kwa saa huzunguka mara kumi na kitu kwa sekunde, na ikiwa na kasoro hutikisa gari kwa mtikiso ambao mtu anakaribia kuuhesabu. Propela shafti, yaani lile bomba linalopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu (gia za kwenye ekseli), kwa difu ya uwiano wa 4.1 kama yangu huzunguka mara 4.1 kila tairi inapozunguka mara moja, yaani zaidi ya mara 40 katika sekunde hiyo hiyo, na kasoro yake huja kama mvumo. Kiuno cha mama mkwe kilikuwa kimeyatenganisha hayo mawili bila kalamu.

(Katika hesabu hizo niligundua pia kwamba tairi za awali zilikuwa za inchi 30 na nusu, kwa hiyo mshale wangu unadanganya kwa karibu asilimia 8, na 50 niliyomwapia askari mwenye tochi ya kupimia spidi ilikuwa 54. Shilingi 30,000 zangu za faini zilikwenda kihalali.)

Nilifanya jaribio moja zaidi: kwenye barabara tambarare isiyo na gari nyuma, niliweka gia huru nikiwa kwenye 100. Injini ilishuka hadi mlio wa gari lililosimama, mvumo ukabaki palepale. Injini ikawa imeachiwa huru, ingawa bili ya plagi mpya nilikuwa nimeshailipa.

Fundi wa mwisho, mzee asiye na kibao wala haraka, aliifungua propela ya nyuma, akatia gia ya 4WD ili gari livutwe na magurudumu ya mbele peke yake, tukaenda na kurudi kwa ulaini wa hariri. Kisha aliirudisha, akalala chini ya gari na kipima-usawa, akanionyesha: giaboksi limeinama digrii 4, difu digrii 1, wakati maungio mawili ya propela hutaka pembe zilingane ndipo kila moja lifute mtikiso wa mwenzake. Vile vitofali vilivyowekwa juu ya ekseli ili kuliinua gari ndivyo vilivyoikunja difu. Alipendekeza kabari za chuma za digrii 3 chini ya springi, au, aliongeza akiitazama ardhi, kulirudisha gari kwenye kimo alichokusudia aliyelitengeneza.

Nilichagua kabari. Safari iliyofuata tulifika Chalinze kwenye 100, chupa ya maji imetulia, na mama mkwe akaniuliza kwa upole yule aliyeliinua gari nilimlipa shilingi ngapi. Nilimwomba radhi, nikamwambia nasikilizia propela kidogo.