Alijua Kuwa Simu ni ya Wizi?

Kijana anakamatwa na simu iliyoibwa wiki moja kabla. Anajitetea kwamba aliinunua kwa shilingi elfu tatu kwa mtu aliyemkuta stendi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakimwulizi kama aliiba. Kinauliza kama alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kuwa ni mali ya wizi. Akipatikana na hatia, kifungo chaweza kufika miaka 14. Sasa hakimu atajuaje yaliyokuwa kichwani mwake siku ile?

Moyo wa mtu ni msitu. Jaji Brian wa Uingereza alikuwa na mawazo hayo mwaka 1477: fikra ya mtu haihukumiki, kwani hata shetani haijui. Mwaka 1885 jaji mwingine wa huko huko, Bowen, akashikilia kuwa hali ya akili ya mtu ni jambo la hakika sawa na hali ya tumbo lake. (Tumbo nalo hatulioni, twalisikia tu likinguruma.)

Mimi niko na Bowen, kwa kiasi. Aliyetupa laini ya mwenye simu, akampelekea fundi abadilishe IMEI (namba ya kuitambulisha simu), kisha akaisukuma simu chini ya godoro askari walipobisha hodi, huyo amekwisha kusema bila kufungua mdomo. Ingawa kwetu wapo wanaoficha hata cha kwao, kwa kuwaogopa askari tu.

Kinachonitia wasiwasi ni ile "sababu ya kuamini". Ni rahisi hapo hakimu kuacha kuuliza kijana alijua nini, akauliza mtu mwenye busara angeshuku nini. Na huyo mwenye busara mara nyingi hufanana na hakimu mwenyewe: anajua bei za madukani, amezoea risiti. Aliyekulia kwenye mitumba, ambako kiatu cha elfu tano hupatikana kwa mia tano, haoni ajabu bei kuporomoka.

Lakini tukidai uthibitisho wa alichojua hasa, kila mnunuzi atajifanya mjinga, na wezi hawatakosa soko. Aliyeibiwa naye ana haki yake. Basi sababu ya kuamini ibaki, ila ipimwe pale kijana aliposimama: mwendesha mashtaka aeleze simu kama ile huuzwa ngapi stendi, si katika duka la Moi Avenue.