Mchele Kilo Sita, Nimekupata

Mwongoza ndege wa jeshi ana mikono miwili na kazi ya mikono minne. Mmoja umeshika darubini, mwingine unaandika saa kwenye stripu, kile kikaratasi cha kumbukumbu cha kila ndege. Ndiyo maana chini ya meza ya mnara kuna pedeli: ukiikanyaga unasikika hewani, ukiiachia unasikiliza. Redio zetu mbili, VHF na UHF, zimeunganishwa, kwa hiyo neno moja linatoka kotekote.

Siku hiyo nikaisukuma hotipoti yangu kwa mguu chini ya meza. Ikapanda juu ya pedeli, ikatulia kama imeajiriwa.

Ubaya wa pedeli iliyokwama ni kwamba haipigi kelele. Ukiwa unatuma, kipokezi chako kinajizima, husikii mtu. Taa nyekundu ya kutuma ilikuwa ikiwaka, ila mbele yake nilikuwa nimeweka kikombe. Nikadhani marubani leo wameamka na adabu. Basi nikamgeukia koplo aliyekuwa anatoka zamu kuelekea sokoni, nikamtajia mahitaji ya pilau ya Jumamosi kwa sauti ile ile ya kazini: mchele kilo sita, nyama kilo nne, vitunguu kilo moja na nusu, bizari, iliki, mdalasini.

Ndege ya mafunzo ikashuka, magurudumu nje, ikapita juu ya njia ya kutulia bila kugusa, ikapanda tena. Ndiyo sheria: hujapewa ruhusa, hutui. Mimi nikaona mwanafunzi kaharibu. Mzunguko wa pili akapita karibu na mnara akitikisa mabawa. Nikampungia mkono. (Mpaka leo mkono huo unaniuma.)

Kila aliyejaribu kuniita, wimbi lake liligongana na langu, wenzake wakaambulia mluzi. Aliyetuokoa ni nahodha wa ndege ya mizigo. Alihamia 243.0, masafa ya dharura ya kijeshi, ambayo yana kipokezi na spika yake pembeni.

"Mnara, umekwama hewani. Tunakusikia vizuri kupita kiasi. Na tangawizi umeisahau."

Nikarukia taa ya ishara, nikammulika mwanafunzi kijani isiyokatika: tua. Akatikisa mabawa, akatua. Koplo akahamia redio ya akiba, nayo ikakwama vilevile, kwa sababu pedeli ni hiyo hiyo moja. Ingefaa ile ndogo ya betri, yenye maiki yake ya mkononi, lakini wakati huo koplo alikuwa ameshapiga magoti, ameiona hotipoti.

Hewa ikafunguka. Mwanafunzi, aliyefundishwa kurudia maagizo ya mnara neno kwa neno, akaanza akiwa bado anatembeza ndege kuelekea maegeshoni:

"Mchele kilo sita, nyama kilo nne, vitunguu kilo moja na nusu, bizari, iliki, karafuu."

Nifanyeje? Rubani akirudia vibaya, mnara lazima umsahihishe papo hapo. Nikakanyaga pedeli.

"Si karafuu. Mdalasini."

"Mdalasini, nimekupata."