Kinyama cha umio hakisubiri ndege

Mgonjwa wa saratani ya umio huku kwetu kwa kawaida hufika hospitali ugali umeshamshinda, amebaki na uji na chai. Daktari anashusha mpira wenye kamera, anakata vinyama vya milimita chache, anavitumbukiza kwenye kichupa cha fomalini. Ugomvi wangu unaanzia kwenye hicho kichupa.

Sisemi fomalini ni mbaya. Inazuia kinyama kuoza, na kikishaingizwa kwenye nta, mwanapatholojia anaweza kukipaka rangi hata baada ya miaka na kuona seli T zenye alama ya CD8, yaani askari wa kinga ya mwili wanaoua seli za saratani, zimekaa wapi: zimepenya ndani ya uvimbe au zimekwama pembeni. Lakini zimekufa. Tunajua askari walisimama wapi. Kama walikuwa wanapigana au wamesinzia, hatujui.

Na kwenye saratani, huko kusinzia ndiko penye habari. Seli T iliyopambana na uvimbe muda mrefu huchoka. Hujaa PD-1, protini inayofanya kazi kama breki, kwenye utando wake, na ukiichokoza inatoa kiduchu tu cha intaferoni gama, kemikali yake ya kupigana. Dawa za pembrolizumab na nivolumab hulegeza breki hiyo ya PD-1. Zilijaribiwa kwa nani? ATTRACTION-3, jaribio la nivolumab lililochapishwa 2019, lilikuwa na wagonjwa 419, karibu wote wa Asia. Bomet ya Kenya, ambako wapo wanaougua hata kabla ya kutimiza miaka 30, haimo. Moshi ya Tanzania haimo.

Kuiuliza seli kama bado ina nguvu kunataka kinyama kibichi. Kinatoka kwa mgonjwa, kinawekwa kwenye ubaridi, na ndani ya saa chache kinakatwakatwa, kinalainishwa kwa kimeng'enya cha kolajenasi katika nyuzi 37, seli zinachujwa, zinachokozwa kwa saa kadhaa, zinabandikwa kingamwili zenye rangi zinazonasa alama zake, kisha zinapita moja moja mbele ya mwanga wa leza. Kinyama kidogo hivyo kina seli chache, na kikipelekwa ng'ambo kupimwa, kila saa ya foleni ya uwanja wa ndege inazipunguza. Ndiyo maana nasema maabara iwe jirani na chumba cha endoskopi, si ng'ambo.

Nitaambiwa hatuna vifaa. Jamani, CD4, zile seli za kinga za wenye VVU, tumezihesabu miaka mingapi kwa kanuni hiyohiyo ya leza na kingamwili zenye rangi? Tena tangu WHO iliposema mwaka 2015 kwamba kila mwenye VVU aanze dawa bila kungoja CD4 zishuke, kazi ya kuzihesabu imepungua. Si kila mashine itafaa, nyingine zinajua kuhesabu tu. Ila watu wa maabara wenye mikono iliyozoea kazi hiyo tunao.

Kinachonipa shida kidogo ni mgonjwa mwenyewe. Vinyama viwili vya ziada kwa ajili ya utafiti anaombwa mtu anayehangaika kumeza hata mate. Basi aelezwe kwa Kikipsigis chake au Kichagga chake, tena kabla hajachomwa sindano ya usingizi, na akikataa aendelee kutibiwa kama mwenzake aliyekubali.