Waliniokolea Kayaki

Mbao nilizinunua zingali zinalia. Ukipiga msumari, maji yanachuruzika kando ya kichwa chake, nami nikafurahi, nikidhani mbao ni kama samaki, ikiwa mbichi ndiyo nzuri. Muuzaji aliniapia ni kavu. Saipresi ya bara hiyo.

Kayaki nikaiundia juu ya ghorofa kwetu Tudor, Mombasa, pale tunapoanika nguo, mwezi wa Januari, kaskazi na jua lake. Mbao nilizibananisha hata wembe haupiti. Nikapiga picha, nikatuma kila grupu, mpaka lile la mazishi.

Wiki mbili baadaye, kabla hata sijapaka rangi, mjusi aliingia ubavu wa kushoto akatokea wa kulia. Nikajaribu sarafu ya shilingi kumi: ikapita. Urefu ulikuwa uleule, futi 12, kwani mbao husinyaa mapana, marefu yake hayabadiliki sana. Kila ubao ulikuwa umejitenga na mwenzake kama watu waliodaiana.

Nikamwita ami yangu, fundi wa mashua mstaafu. Akachungulia kwenye ufa.

"Naiona Kisauni yote. Hiki chombo au chekecheke?"

Nikamwonyesha mkebe wa gundi niliokuwa nimeshaununua, na bei yake sitaki kuikumbuka.

"Usithubutu! Ukiziba na kitu kigumu, mbao zikinywa maji zitasukumana, mataruma, zile mbavu za ndani ya chombo, yapasuke. Wewe umezifunga zimelewa, basi zirudishe zilewe. Izamishe siku tatu. Ufa utakaobaki tutautia kalafati, pamba na mafuta, kazi imekwisha."

Tukaishusha watu wanne mpaka ufuoni. Nikaijaza mawe, mahali ambapo maji yakitoka haiachwi kavu, ikazama. Mama mmoja aliyekuwa akipita akasema, "Pole, mwanangu."

"Nimeizamisha mwenyewe, mama."

Akashika mtandio wake, akaongeza mwendo.

Siku ya pili asubuhi nikapiga mbizi. Nyufa zimefumba, hata ukucha hauingii! Usiku ule nililala nikitabasamu.

Siku ya tatu saa saba mchana nikafika, kayaki haipo. Nikazunguka nikihema, nikaikuta juu ya mwamba, imelazwa kifudifudi katikati ya jua, mawe yangu yamepangwa kando. Vijana watatu wamekaa kivulini.

"Mjomba, ni yako? Tuliiona imezama tangu jana mchana, tukaiokoa. Tumeikausha vizuri, tumeigeuza pande zote."

Nikaukagua ubavu. Ukucha ukaingia. Kalamu karibu iingie.

"Tena mwenye chombo hutoa ya soda," akakumbusha yule mdogo.

Nikatoa mia tatu, nikawashukuru kwa heshima zote. Kisha nikaikokota kayaki majini na kuanza kupakia mawe, moja moja. Waliniangalia mpaka jiwe la tano. Mkubwa wao akawanong'oneza wenzake kitu, wakaondoka mbio, soda wamesahau.