Sijafa, yale ni maji ya rejeta

Kabla hujamwamini yule utingo anayezungusha habari Tabora nzima kwamba injini imenisaga uso: fundi wenu nipo, naandika. Ile haikuwa damu.

Semi lilitoka Urambo na tumbaku, oili kwenye dipstiki imegeuka chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili, lakini yanapitia wapi? Silivu za injini ile, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazungukwa na maji, na chini zinazibwa na oringi, pete za mpira. Nikamwaga oili, nikashusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), nikalala chini, tochi nimeing'ata. Utingo ajaze rejeta, apige upepo wa presha psi 15 basi, maji yasukumwe yanapovujia. (Wenye gereji mshaanza kucheka. Subirini.)

Pale chini unatafuta tone linapotokea. Likiteremka nje ya silivu, oringi imechoka. Likitokea ndani, silivu imetoboka. Silivu namba 4, pistoni ikiwa juu, ndani kulikuwa na uzi mwembamba wa maji. Kwa furaha nikasogeza uso.

Pembeni, namba 5 ikalia "pwiii". Nikageuza macho tu, kichwa kimebanwa na ekseli. Oringi ikachungulia. Ikatoka kidogo. Ikatoka tena kidogo. Nataka kupiga kelele, tochi iko mdomoni. Ikaachia! Maji ya kisima, hayajawahi kuonja kulanti (dawa ya maji ya rejeta), mekundu kwa kutu, yakaingia kinywani, puani, masikioni. Utingo? Kaacha kompresa wazi, kaenda kununua karanga.

Nikatambaa nje nakohoa wekundu. Mama wa chai akatupa birika: "Fundi kasagwa!" Bodaboda wakaipokea habari, mke wangu akaja analia na majirani nyuma, shemeji akakodi turubai.

Mengine ni kazi tu. Namba 4 ilikuwa na vitundu vya sindano upande unaogongwa na pistoni: silivu inatetemeka, viputo vya mvuke vinapasukia ukutani, vinakula chuma, na maji matupu hayana dawa ya kuzuia. Tumebadili silivu zote 6 na oringi, tumekwangua kutu pale silivu zinapokalia, nikapima kola zote (kingo za juu za silivu) zimechomoza juu ya bloku kama kitabu cha injini kinavyotaka. Kola ikizama, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, haibani. Kulanti imewekwa, semi limeondoka.

Sasa asubuhi watu hawaniambii "Mwangaluka", wananiuliza kama nimeshakunywa. Na turubai nimelilipia mimi. Mwenye nalo kagoma kurudisha hela, eti marehemu alitakiwa apige simu mapema.